Pampu ya vakyumu kwa fundi wa Mbeya: makelele, oili kurudi nyuma, na cha kuangalia kabla hujatoa hela

Mambo vipi wakuu, mafundi friji na AC wote mnaonicheki, kuanzia hapa Mwanjelwa, Uyole, Makambako, Njombe mpaka Iringa mjini, karibuni sana. Leo mezani nina hii pampu ya vakyumu ya stepu mbili, ya kunyonya hewa na unyevu wote kwenye friji au AC kabla hujaweka gesi, ile ya oili yenye mapanga yanayozunguka ndani, maana mmeniuliza sana inbox na maswali karibu yote ni mawili, mbona inapiga kelele, na mbona oili inarudi kwenye mpira. Jina la kampuni silitaji kwa sababu pampu hizi unazikuta dukani na majina kibao na bodi ileile, kwa hiyo tuangalie vitu vyenyewe.

Nianze na kibao cha ubavuni hapa, sogeza kamera kidogo, unaona imeandikwa 3 CFM na chini yake 2.5 CFM, yaani futi za ujazo za hewa inazovuta kwa dakika. Muuzaji atakuambia ni tatu. Hiyo tatu ni ya umeme wa hezi 60, wa kina Marekani, sisi Tanzania umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo mota inazunguka taratibu zaidi na yako wewe ni 2.5, yaani kama lita 70 za hewa kwa dakika. Kwa friji ya nyumbani, freeza, AC ya chumba, inatosha kabisa. Tanki kubwa la kupozea maziwa kama yale ya Tukuyu itafanya kazi lakini utakaa sana, hapo tafuta kubwa.

Haya naiwasha, sikilizeni. Hiyo sauti nzito kama inabwabwaja ni hewa nyingi inapita, ni kawaida, sasa naifunga kwenye kompresa ya friji hii, subiri kidogo... sauti imeshuka si ndio, inakuwa laini kabisa, halafu sasa hivi unasikia imeanza tak tak tak tak. Hapo ndipo watu wanapozima pampu wanasema imekufa, wengine wanairudisha dukani wanagombana na muuzaji wa watu bure. Jamani haijafa. Ndani kuna rota imekaa pembeni kidogo ya tundu lake, mapanga yanatoka na kuingia yanasukuma hewa kuelekea kwenye valvu ya kutolea, ambayo imezama kwenye oili. Hewa ikiwa bado ipo inakuwa kama mto, oili inapita na hewa pamoja bila kishindo. Hewa ikiisha panga linasukuma oili tupu, na oili haibonyei, inaigonga ile valvu moja kwa moja, ndiyo hiyo tak tak. Kwa hiyo ukiisikia ujue vakyumu imeshuka vizuri, ni habari njema hiyo.

Sasa angalia hiki kijifuniko kidogo hapa juu, wengi hawajawahi hata kukigusa, hii ni gesi balasti. Nakifungua kidogo tu, nusu mzunguko hivi... mmesikia? Tak tak imekatika. Kinaingiza hewa kidogo sana kwenye chumba cha kukandamiza, ule mto unarudi. Kitu hiki alikibuni Mjerumani, Wolfgang Gaede, mwaka 1935, na shida yake kubwa ilikuwa maji, maana mvuke wa maji ukikandamizwa ndani ya pampu unageuka maji na kuingia kwenye oili, ile hewa kidogo inausaidia mvuke utoke nje kabla haujawa maji. Kelele kupungua ni faida ya ziada. Kwa hiyo anza kazi ikiwa wazi, hasa mfumo ukiwa na unyevu, halafu mwishoni ukitaka kushuka chini kabisa ifunge, ukiiacha wazi haifiki chini, na hiyo kelele ya mwisho ivumilie tu.

Kelele ya kuogopa ni nyingine. Ukisikia chuma kinasaga, beringi au mapanga yamekwaruza, zima. Ukisikia ule ubwabwaji wa mwanzo hauishi kabisa, una liki, kaza nati zako za flea, zile za kuungia mipira, na uangalie zile raba za mipira. Mota ikinguruma bila kuzunguka pima volti kwanza, ukiiendesha kwa ekstensheni nyembamba ndefu kutoka kwa jirani itakuonyesha. Na oili ikiwa chini ya mstari wa MIN kelele inapanda, ikizidi MAX inatema kwenye tundu la kutolea. Oili iwe ya pampu ya vakyumu, uzito wa VG 46 au 68, sio oili ya gari, ile ina madawa yanayotoa mvuke na vakyumu haitashuka.

Na sisi wa nyanda za juu tuna letu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi oili inaganda ganda, pampu inanguruma inashindwa kuzunguka, basi fungua tundu la kuingizia hewa, washa, iache izunguke wazi mpaka ipate joto, ndio ufunge mpira. Hii nimeijaribu kwenye baridi na imewaka vizuri, naipa alama hapo.

La pili geji. Naombeni mnisikilize hapa maana kuna watu wametupa pampu nzima kwa sababu hii. Geji ya bluu, ile ya presha ndogo, imeandikwa hadi -30, yaani inchi za zebaki, hiyo ni ya usawa wa bahari, Dar utakaribia huko. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo hata vakyumu ikiwa kamili sindano itaishia kwenye -24 na kitu. Hakuna pampu itakayokupeleka -30 hapa, hata ya mamilioni. Nunua geji ya mikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki ndani, shusha chini ya 500, funga, angalia kama inapanda. Hiyo ndiyo inasema ukweli popote ulipo.

Sasa oili kurudi nyuma, na hapa ndipo nataka mtoe hela kwa akili. Umeme unakatika katikati ya kazi. Ndani ya friji hakuna hewa, nje hewa ipo, inaisukuma oili kutoka kwenye tanki la pampu ipite kwenye mapanga, iingie kwenye mpira, kwenye geji, mpaka kwenye kompresa. Na oili hii ni ya madini, haichanganyiki na gesi ya 134a, inabaki kwenye evapureta, sehemu inayogandisha, na kwenye kapilari, kile kibomba chembamba, mteja anarudi wiki ijayo friji haigandishi. Halafu umeme ukirudi pampu inawaka ikiwa imejaa oili tumboni, inasukuma kitu kisichobonyea, kapling, kiungo cha mota na pampu, inakatika.

Nimefunga mpira huu mgumu unaoonekana ndani, wenye nyuzi. Kwanza pampu yangu ya zamani isiyo na valvu ya kuzuia oili isirudi. Nachomoa plagi. Angalieni hapa kwenye kona ya mpira... imeanza, ule uzi mwembamba wa rangi ya asali unapanda taratibu, umepita nati, mapovu nyuma yake. Haya sasa mpya. Nachomoa. Mmesikia ka-klik kale, hiyo ni valvu ya sumaku imefunga mdomo umeme ulivyokatika. Mpira mkavu. Nimeiacha mpaka nimemaliza chai bado mkavu, ingawa mikroni zimepanda kidogo, kwa hiyo valvu yenyewe inapitisha hewa kidogo sana, usiitegemee kama koki, ukimaliza kazi funga koki za manifoldi, pale geji zilipokaa, kwanza, halafu legeza mpira upande wa pampu iingie hewa, ndio uzime.

Kwa mimi CFM kubwa bila hiyo valvu siinunui. Pampu unayo na haina valvu? Funga koki ya mkono ya robo inchi mdomoni, ni bei ndogo, ila uwe karibu umeme ukikatika, usiende kula.

Ninachokilalamikia ni swichi yake, ni ya kawaida, inatoa cheche, kwa hiyo friji za gesi ya 600a na AC za 290 usiiweke hii ndani ya chumba kilichofungwa, hizo gesi zinawaka, tafuta iliyoandikwa ni ya gesi hizo.