Saluni ya Mabatini: mkono mzuri sana, ila kopo la dawa halina jina

Nyota 3 kati ya 5. Na kabla wateja wa pale hamjanivamia naomba mnisome mpaka mwisho, hizo mbili nilizokata sio roho mbaya. Jina la saluni siliandiki, iko Mabatini hapa Mwanza, ndogo tu, ina pazia la shanga mlangoni na bango la dada mwenye rasta lililofifia kwa jua, anayeijua ameshaijua.

Haki yao kwanza wapewe. Yule msusi mkubwa ana mkono mwepesi mpaka unasinzia, twende kilioni yake haivuti kichwa na usiku unalala vizuri bila kumeza panadol. Ritachi, yaani kupaka dawa ya kulainisha nywele zilizoota, ndo usiseme. Anakupaka vaselini masikio, shingo, paji la uso, anagawa nywele mafungu manne, anaanzia kisogoni kwenye nywele sugu, na akishapaka hakuachi akaenda kuchati, anakaa hapohapo anakuuliza inawasha? inawasha wapi? ukisema tu imeanza kuuma unakimbizwa sinki, sio zile saluni nyingine unaambiwa vumilia dada urembo kazi huku ngozi inabanduka. Maji ya bomba yakikata wana simtanki lao nyuma. Draya zote mbili zinafanya kazi. Bei 15,000 kwa dawa yao, 8,000 ukija na ya kwako, kuosha na kuseti humohumo. Kwa Mwanza ya sasa sioni pa kulalamika.

Sasa kopo.

Dawa yao wanachota kwenye kopo kubwa jeupe la plastiki, lebo hakuna, kama liliwahi kuwa na maandishi yalishafutika zamani. Nikauliza, dada hii dawa inaitwaje? "Ya South hiyo, nzuri, haikati nywele." Ya South ipi? "Boksi lilishatupwa mpenzi, ila ni ileile siku zote." Hapo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kwenye draya akadakia, mbona ile ya nyuma ilikuwa ya pinki na ilikuwa inanukia vingine? Msusi akacheka tu akaendelea kuchota. Risiti ukiomba unaandikiwa kikaratasi "huduma 15,000" basi. TRA kila siku wanatuimbia ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, sa mimi nimedai ndo nikapewa hiyo.

Najua kuna watu watasema sasa jina la dawa wewe la nini, si nywele zimelala? Mimi ni karani ofisi ya wakili hapa mjini, kutwa nachapa hati za madai za watu, na hizi kesi za dawa za nywele kule Marekani nimezifuatilia sana, ndo maana kopo lisilo na jina linaniuma kuliko dawa ikinikamata kisogoni.

Ziko hivi. Tarehe 17 Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa utafiti, wanawake 33,497 wamefuatiliwa karibu miaka 11, kati yao 378 wakapata saratani ya mji wa mimba. Waliokuwa wanaweka dawa ya kulainisha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka, hatari yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wasioweka kabisa. Kwa hesabu zao, asiyetumia uwezekano wa kuipata mpaka afike miaka 70 ni asilimia 1.64, anayetumia sana ni 4.05. Msikurupuke mkamwaga makopo, bado ni wachache, na utafiti wa namna hiyo unaonesha vitu viwili vinaenda pamoja, hausemi kwamba dawa ndo imemuumiza fulani. Kampuni nazo zinakana. Lakini ona kilichofuata, siku nne tu, tarehe 21 mwezi huohuo, mwanamke mmoja akafungua kesi mahakama ya shirikisho Chicago dhidi ya kampuni ya vipodozi ya L'Oréal na wenzake. Siku nne jamani! Februari 2023 kesi za namna hiyo kwenye mahakama za shirikisho zikakusanywa kwa jaji mmoja hukohuko Chicago, Mary Rowland, na haikupita hata miaka miwili zikavuka 8,000.

Ukisoma haraka utadhani zimeota usiku mmoja kama uyoga. Hapana aisee, njia ilishafyekwa na kesi za poda, na hizo zilichukua muda.

Poda ya mtoto ya Johnson & Johnson, ile chupa nyeupe iliyokuwa juu ya makabati ya watu kuanzia Kirumba mpaka Igoma, mtoto akioga anapakwa, mama naye anajipaka. Mwaka 2009 mwanamke mmoja wa jimbo la South Dakota akashtaki kwamba ile poda ndo imempa saratani ya ovari. Mmoja tu, peke yake. 2013 jopo la raia (kule raia wanaamua kabisa, sio kama wazee wa baraza wetu ambao wanatoa maoni tu) likasema kampuni ilizembea, ilitakiwa imuonye. Fidia? Sifuri. Hata dola moja hakupewa. Ukisimulia hii kijiweni watasema mama kashindwa, kaliwa nauli. Ila mawakili wengine waliokuwa wanaangalia kwa pembeni waliona kitu kingine kabisa, waliona raia wa kawaida wamekaa, wamesikiliza wataalamu wa pande zote, na wamewaamini wa upande wa mama. Wataalamu hao unaweza kuwaita tena. Nyaraka ulizozitoa kwa kampuni kwa shida unaweza kuzitumia tena. Kesi iliyotoa sifuri ndo ilikuwa na thamani kuliko nyingi zilizolipwa kimyakimya, na hii ni hoja yangu mimi, bosi wangu haikubali, yeye anasema kesi isiyo na hela ni hasara tu.

Alafu ndo ikaja ya St. Louis Februari 2016, dola milioni 72 kwa familia ya mwanamke aliyekuwa ameshafariki. Mwaka uliofuata rufaa ikaifuta kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa jimbo lingine, Alabama, St. Louis hapakuwa mahali pake pa kushtakia. Imefutwa, sawa, ila nani alisikia habari ya kufutwa? Milioni 72 ilishatangazwa kwenye kila redio. Julai 2018 hapohapo St. Louis wanawake 22 kwa pamoja wakapewa dola bilioni 4.69, rufaa 2020 ikaipunguza mpaka kama bilioni 2.1. Mwaka huohuo 2020 kampuni ikaacha kuuza poda ya talki (madini yanayosagwa, ndo ile ya zamani) Marekani na Canada, 2023 dunia nzima, sasa hivi ni ya wanga wa mahindi, na wao wamesimamia palepale kwamba ile ya talki ilikuwa salama. Katikati hapo walileta ujanja, 2021 wakaunda kampuni ndogo wakaitwisha kesi zote za poda alafu hiyo ndogo ikaenda mahakamani kusema imefilisika, huku mama yake ana hela mpaka za kumwaga. Wamejaribu mara tatu, majaji wamegoma zote tatu, ya mwisho mwaka 2025. Wadai kufikia hapo wameshazidi 60,000. Kutoka yule mmoja wa sifuri.

Kwa hiyo dawa ya nywele ilipotokea, kila mtu alikuwa ameshajua kazi. Wakili wa kule mara nyingi halipwi mpaka ushinde, anachukua asilimia yake, ina maana gharama za madaktari na maprofesa wa kutoa ushahidi anatanguliza yeye, na kwa kesi ya mtu mmoja hazirudi, lazima apate wengi, ndo hayo matangazo ya "je ulitumia dawa hii ukapata saratani? tupigie". Kuna jopo la majaji 7 lipo tangu 1968 kazi yake ni kuamua kesi zinazofanana zikusanywe wapi. Zikishakusanywa inaandikwa hati moja kubwa ya madai kwa ajili ya wote, anayekuja nyuma anajaza fomu fupi tu, jina, ugonjwa, bidhaa, umetumia kuanzia lini mpaka lini, anaambatanisha humo. Kitu ambacho mimi ningechapa wiki nzima kule ni kuweka alama ya tiki. Hapo ndo namba inaporuka. Alafu wanachagua kesi chache zitangulie kusikilizwa ili pande zote zione upepo unaelekea wapi na kama kuna kulipana walipane. Na kumbuka kila mtu anabaki na kesi yake, sio kesi moja ya kundi, kwa sababu kila mmoja ana mwili wake na historia yake.

Wingi wenyewe sio ushindi lakini. Zantac, ile dawa ya tumbo, ilikusanya madai ya maelfu kwa maelfu, Desemba 2022 jaji wa shirikisho kule Florida, Robin Rosenberg, akapima ushahidi wa wataalamu wa wadai akasema hautoshi kisayansi, akautupa. Maelfu chini kwa hukumu moja.

Sasa rudini kwenye ile fomu fupi. Bidhaa gani? Kwenye poda swali hilo lilikuwa rahisi, chupa moja, jina moja, mtu katumia hiyohiyo miaka 30. Kwenye dawa ya nywele ni balaa, nyumbani umetumia ya boksi la kijani, saluni wamekuwekea nyingine, harusi ya dada yako wamekuwekea ya tatu, na kampuni zilizoshtakiwa ziko nyingi, kila moja itasema sio ya kwangu hiyo ni ya jirani. Utafiti wenyewe ule wa 2022 haukuchukua majina ya dawa wala viambato vyake, kwa hiyo hausaidii hapo. Mzigo wa kutaja uko kwako wewe uliyekaa kwenye kiti. Ukiulizwa utasema nini, "ya South hiyo, haikati nywele"?

Na huku kwetu mitambo ya namna ile hatuna. Sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale, mahakama ikitoa kibali, ni Amri ya I kanuni ya 8 kwa wanaopenda kusoma. Ila muda wa kudai madhara nje ya mkataba ni miaka 3, na saratani ina haraka gani? Vipodozi tangu 2019 vimehamia TBS, shirika la viwango, zamani vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo ndo ikawa TMDA, na TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, unaweza kwenda kulalamika hata leo. Watakuuliza nini cha kwanza? Jina la bidhaa. Namba ya toleo. Nani kakuuzia.

Mama mwenye saluni nilimkuta siku moja nikamwambia haya kwa adabu, shikamoo mama, hebu makopo yaandikwe. Akaniambia mwanangu wateja wanataka bei, boksi watalila? Akaeleza ananunua kwa ndoo maduka ya jumla Makoroboi, ikija ya bei nzuri anachukua hiyo, wiki ijayo nyingine, zote anamiminia humo kwenye kopo. Yaani hata zinachanganyika! Kwa biashara namuelewa, kodi ya fremu haisubiri. Kwa kichwa changu simuelewi hata kidogo. Ila sio mbishi yule mama, nilivyorudi nikakuta kopo moja limebandikwa plasta nyeupe na jina la dawa kwa peni, akaniambia wabeja (asante ya Kisukuma) kwa kunikumbusha. Kopo la pili lilikuwa bado uchi, na ndilo walilokuwa wanachotea.

Kwa hiyo rasta na twende kilioni nawapa 5 kavu, ritachi kwa dawa yako 5, ritachi kwa dawa yao 1, wastani pigeni wenyewe mimi nimeandika 3. Nendeni Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumamosi ni foleni mpaka nje na watoto wanalia. Malipo ya simu wanapokea ila makato juu yako. Dawa beba ya kwako, lipige boksi picha ule upande wenye namba ya toleo kabla halijatupwa, na usiwaachie kopo lililobaki maana nalo litamiminiwa kwenye kopo kubwa.