Mwaka na nusu wa kunywa mvinyo wa Dodoma: uzoefu wangu

Nilianza kunywa mvinyo kama wanawake wengi wa Dar es Salaam tulivyoanza, kwenye kicheni pati. Mezani unakuta Four Cousins au Robertson, nyekundu tamu ya Afrika Kusini, imetoka kwenye barafu, na hakuna anayekuuliza imetengenezwa kwa zabibu gani. Nimezinywa miaka mingi kwa furaha. Aliyenihamisha ni mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ana ekari mbili za zabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa. Alikuja kwetu Krismasi, akaigeuza chupa niliyomwekea mezani, akasoma lebo yote, kisha akasema, "Mama, mimi nalima zabibu, halafu nyumbani kwako unaninywesha za Cape?" Nilinyamaza, maana alikuwa na haki. Tangu siku ile nanunua za Dodoma tu.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote. Makutupora nyekundu ndiyo zabibu ya Dodoma hasa. Imechukua jina la Makutupora, kaskazini mwa mji, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Punje zake ni nyeusi, na mvinyo wake una rangi nzito. Ukiumimina kwenye glasi na kuuelekeza kwenye taa, pembeni unaona zambarau iliyoiva, na harufu yenyewe ni ya zambarau kabisa, ile tuliyokuwa tunaokota chini ya mti na kurudi nyumbani ulimi umebadilika rangi. Ule mkavu, ambao wengi tunauita drai, una ukakasi kwenye fizi kama wa bibo. Mara ya kwanza sikuupenda. Mara ya tatu, nikiwa na mbuzi wa kuchoma na pilipili, nikaelewa: mafuta ya nyama yanaumaliza ule ukakasi, na mvinyo unabaki na utamu wa tunda bila sukari. Sasa siwezi kula mbuzi bila huo.

Kama hujawahi kunywa mkavu, usijilazimishe kuanza nao. Makutupora hutengenezwa mtamu pia, na mtu aliyezoea nyekundu tamu ya kicheni pati atajiona yuko nyumbani. Mama yangu mzazi hanywi mwingine, na namnunulia bila kumbishia.

Agosti iliyopita nilikwenda Mpunguzi mwenyewe. Ukitoka mjini kwa barabara ya Iringa unaipita Bihawana kwanza, ambako wamisionari wa Kiitaliano walipanda zabibu miaka ya 1950, na mjomba hawezi kupita pale bila kukuonyesha kwa kidole. Shambani tulikuta mavuno yameanza. Kulikuwa na kijana mnunuzi mwenye kifaa kidogo mfano wa kurunzi. Alichuma punje tatu kutoka mashada tofauti, akaziminya, tone likadondoka kwenye kioo cha kile kifaa, akakifunika na kukitazama huku amekielekeza juani. Ndivyo wanavyosoma sukari. Mjomba alisimama nyuma yake bila kusema neno, mikono nyuma, kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Yule kijana alipotikisa kichwa kukubali, mjomba alinigeukia: "Shada hili ungelikuta Machi, lisingekuwa hivi."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona wanywaji wengi hatulijui. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka majira ya kuchipua, kwa hiyo mavuno ni mamoja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Ukishapogolewa unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi kama minne unavuna. Kwa hiyo kuna mavuno ya Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, na mengine ya Agosti na Septemba, ardhi imekauka na anga jeupe. Yale ya mvua hupambana na ukungu, na punje hunywa maji mengi. Ya kiangazi hutegemea umwagiliaji, lakini jua linazikoleza sukari. Nililamba punje za mjomba hadi vidole vikagandana.

Sasa chukua chupa yako nyumbani uitazame. Nyingi nilizonunua mimi hazina mwaka wa mavuno, na msimu sijawahi kuuona umeandikwa hata mara moja. Hili linaniuma. Wenzetu wanauza mwaka wa mavuno kwa majivuno, sisi tuna misimu miwili ndani ya mwaka mmoja na tunaificha! Ningelipa zaidi kidogo kwa Makutupora iliyoandikwa "Agosti", ningeiweka kando ya "Machi", na kuziita rafiki zangu tuzionje zote mbili jioni moja. Watengenezaji, tafadhali, ni neno moja tu kwenye lebo.

Kwa upande wa mvinyo mweupe, tafuta Chenin Blanc. Asili yake ni Ufaransa, bonde la Loire, lakini imelikubali joto la Dodoma vizuri. Ya CETAWICO, wenye kiwanda Hombolo, ndiyo iliyonifanya niache kusema kwamba sipendi mweupe. Niliionja kwa changu wa kukaanga na ndimu, baridi sana. Kuna uchachu wa pera lisiloiva vizuri, na nyuma yake kama asali kwa mbali. Nyekundu yao ya Presidential nayo ni laini kuliko zote nilizojaribu, ukakasi wake ni wa heshima, na ndiyo ninayompelekea mgeni anayesema Tanzania hakuna mvinyo. Zipo pia zabibu za Syrah kule, ambayo Afrika Kusini wanaiita Shiraz. Nimekunywa chupa moja tu, kwa hiyo sitasema mengi.

Dompo, ya Alko Vintages, iko fungu lake. Ni nyekundu, tamu, nzito, na ina nguvu kuliko mvinyo wa kawaida. Utamu unaificha ile nguvu, kwa hiyo usiijaze glasi kama unajaza juisi. Mimi huipenda ya baridi, glasi ndogo, baada ya chakula, pamoja na karanga za kukaanga. Wapo wanaoidharau kwa sababu ya bei yake. Mimi naiheshimu: kwa watu wengi waliokulia Dodoma na Morogoro ndio mvinyo wao wa kwanza, na imetokana na zabibu za wakulima wa hapahapa.

Si kila chupa ilinipendeza. Moja nyeupe niliinunua dukani Dar, imepangwa dirishani ili ipendeze machoni mwa wapita njia. Nilipoifungua, kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kidogo, mvinyo wenyewe una rangi ya chai, na harufu ya siki ikanipanda puani. Nilikasirikia Dodoma nzima kwa wiki moja. Nilipomsimulia mjomba kwa simu aliniuliza swali moja tu: "Jua lilikuwa linaifikia?" Lilikuwa linaifikia, tena la mchana kutwa. Zabibu hazikuwa na kosa. Tangu hapo nanunua kwenye duka lenye mzunguko, chupa naomba nitolewe ya nyuma kwenye kivuli, napapasa juu nione kama kizibo kimekaa sawa, na nyeupe naitazama rangi kwanza. Joto la Dar ni adui wa mvinyo kuliko kitu chochote, na wauzaji wetu bado wanauweka kama wanavyoweka soda.

Nyumbani pia kuna kosa ambalo nimelifanya muda mrefu. Tukiambiwa nyekundu hainywewi baridi, tunainywa ikiwa na joto la chumba, lakini chumba chenyewe ni Tabata mwezi Februari! Hapo pombe inakupanda puani na lile tunda linapotea. Weka Makutupora kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Hicho kitu kidogo kimenibadilishia ladha kuliko bei yoyote niliyowahi kulipa.

Bei? Kwa fedha niliyokuwa natumia kwa chupa moja nzuri ya nje, mara nyingi napata mbili za Dodoma. Mara ya mwisho nilirudi na sita kwa basi, kila moja nimeizungushia khanga, begi nimelishika mapajani tangu Dodoma mpaka Mbezi. Zimebaki mbili. Mjomba amesema mwaka huu atapogoa mapema, na ameniahidi kunipigia siku mkasi utakapoingia shambani, ili nihesabu miezi minne na kuomba likizo.