Nilimpeleka paka wa jirani: tathmini ya kliniki ya wanyama huku Eastlands

Paka mwenyewe si wangu, na jambo hilo ndilo lililonifanya niipime kliniki hii kwa kipimo ambacho mteja wa kawaida huenda asingekihitaji. Ni paka dume wa rangi ya majivu anayeshinda juu ya ukuta unaotenganisha ploti yetu na ya jirani, mbavu zikihesabika, nami kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimwekea omena huku nikiwalaumu wenyewe kimoyomoyo. Jumamosi moja asubuhi alishuka kwa miguu mitatu, paja limevimba, na katikati ya uvimbe palikuwa na tundu dogo lililotoa usaha wenye harufu mbaya. Niligonga mlango wa jirani mara mbili bila kuitikiwa, nikamwachia mlinzi wa geti ujumbe, kisha nikamtia paka ndani ya katoni niliyoitoboa matundu na kupanda bodaboda.

Kliniki yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vyakula vya mifugo. Swali la kwanza mapokezini halikuwa kuhusu pesa bali kuhusu mwenye paka, na nilipokiri kwamba si mimi, nilielezwa kwa upole kwamba wangetibu kidonda kwa sababu hakingeweza kusubiri, lakini kwamba kuhasi, hata kama kungemfaa, kungengoja ridhaa ya wenyewe. Kadi iliandikwa jina "Paka wa Jirani". Baada ya hapo niliketi kwenye benchi kwa saa moja na nusu, kati ya mbwa wawili wakubwa wasiofungwa midomo, nimeikumbatia katoni iliyokuwa ikinguruma. Kliniki inayopokea paka ingefaa iwatengee hata kona yenye pazia.

Daktari alipofika, malalamiko yangu mengi yalipungua. Alimpima uzito kabla ya kugusa sindano yoyote, akapima joto na kukuta nyuzi 40, ilhali paka mzima huwa kati ya 38 na 39 hivi, kisha akamlaza kwa dawa, akanyoa manyoya, akapasua jipu, akalisafisha na kushonea kipira chembamba cha kutolea usaha. Akifanya hayo alinieleza jambo lililonifedhehesha kidogo. Meno ya paka ni membamba kama sindano, kwa hiyo paka akiumwa na mwenzake kijitundu hujifunga upesi huku vijidudu vimebaki ndani, na mwenye mnyama anaweza kumpapasa kila siku asione kitu mpaka jipu lipasuke. Dume asiyehasiwa, aliongeza, huzurura na kupigana usiku hata akiwa amelishwa vizuri, na wembamba wake huenda ni wa minyoo. Hakusema kwamba jirani hana kosa. Alisema tu kwamba kidonda hicho peke yake hakimshtaki mtu, na kwamba nikiona dalili za ukatili wa kweli, iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na wapo watu wa KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, kule Karen.

Nilipotaja kwamba nilikaribia kumsagia nusu kidonge cha parasetamoli, aliweka mkasi chini. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Aliuona pia mkwaruzo mkononi mwangu, akanipeleka kwenye bomba nioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akanisisitizia niende hospitali siku hiyohiyo kuuliza juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama paka huyo alikuwa amechanjwa. Nilienda.

Udhaifu mkubwa ni bili. Mapokezini niliambiwa shilingi 3,500, nikalipishwa 6,200, na risiti iliandikwa "matibabu" pasipo kuchanganua dawa ya kulaza, kipira wala vidonge vya siku saba. Nilipouliza nilipewa mchanganuo kwa mdomo, nao ulikuwa wa haki, lakini mtu anayemlipia mnyama wa mwingine anahitaji karatasi ya kumwonyesha mwenyewe. Atakayekwenda na adai makadirio yaliyoandikwa kabla paka hajalazwa.

Jirani alirudi Jumapili usiku kutoka matangani Machakos, akabisha kwangu akiwa na wasiwasi wote, akanitumia nusu ya gharama kwa M-Pesa hata bila kuona risiti. Siku ya kutoa kipira tulikwenda pamoja, yeye akiwa amembeba paka kifuani ndani ya leso. Mhudumu alipofungua mlango na kuita "Paka wa Jirani!", aliyeinuka ni jirani.