Lenzi ya Kupigia Picha Milima ya Theluji na Mito: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayejiandaa kupiga picha za milima ya theluji kwa mara ya kwanza aghalabu hukimbilia kununua lenzi pana, kwa kudhani kwamba mandhari kubwa inahitaji lenzi inayomeza kila kitu kilicho mbele yake. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Kwa milima na mito ya majira ya baridi, fedha ya kwanza itumike kununua lenzi ndefu ya wastani, na lenzi pana isubiri zamu yake, ambayo katika orodha hii ni ya nne.

Ili hoja isielee hewani, nimechagua mahali pamoja pa kuzipimia lenzi zote: Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton katika jimbo la Wyoming, Marekani, ambako mto Snake unapinda katika bonde lililo mashariki ya milima. Ardhi ya hapo ilikatika kwenye ufa mrefu, upande wa magharibi ukainuka na bonde likashuka, na ndiyo sababu hakuna vilima vya kutangulia. Milima inasimama wima kutoka kwenye tambarare. Kilele kikuu kina urefu wa mita 4,199 juu ya usawa wa bahari, yaani kinaupita uwanda wa mto kwa mita 2,100 hivi.

Msomaji aliyezoea jua la Arusha au Nairobi, ambalo saa sita mchana huwa karibu na utosi na kuifanya picha iwe bapa, atashangazwa na jua la huko. Hifadhi hiyo iko karibu nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, na mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi kutoka upeo wa macho. Mwanga huo wa kulalia huchora kila mkunjo wa theluji, na vivuli hugeuka buluu kwa sababu vinaangazwa na anga peke yake. Lakini nyuso za milima zinazotazamana na mto zinaelekea mashariki, hivyo hupata mwanga wa waridi jua linapochomoza, na kuanzia alasiri hubaki kivulini. Kazi kubwa ni ya asubuhi, wakati baridi ni kali kuliko saa nyingine za mchana, na lenzi ichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Sasa tupige hesabu. Kutoka sehemu ya kutazamia mto Snake iliyo kando ya barabara kuu, kilele kiko umbali wa kilomita 14 na ushei. Katika kamera yenye kihisi (sehemu ya ndani inayopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 16 (namba ya lenzi ikiwa ndogo huona pana, ikiwa kubwa huvuta karibu) itauchora mlima huo kwa kimo cha milimita 2.3 tu, takriban sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha, na sehemu iliyobaki itajaa anga na theluji tupu. Kwa milimita 100, mlima uleule unachukua milimita 14, zaidi ya nusu ya kimo cha picha, na pinde za mto zinapanda kuufuata. Wengi wanaorudi na picha ambazo milima yake imekuwa vichuguu hawakukosea mwanga wala mahali. Walikwenda na lenzi isiyofaa kwa umbali ule.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/4 (kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Sababu ya hesabu imekwisha kuelezwa, ila iko nyingine ambayo hudhihirika mtu akishafika. Majira ya baridi, barabara ya ndani inayopita chini ya milima hufungwa kwa magari kuanzia Novemba hadi Aprili, na baadhi ya sehemu za bonde la mto hupigwa marufuku kuingiwa ili wanyama wasisumbuliwe. Mpiga picha hubaki kwenye barabara kuu ya mashariki, mbali na maji, na lenzi ndefu ndiyo inayomvutia karibu mvuke unaopanda mtoni pamoja na miti ya ukingoni iliyopakwa sakitu hadi ncha za vijiti. Tena hana haja ya kuikanyaga theluji anayotaka kuipiga picha. Mwenye lenzi pana hulazimika kusogea, akisogea huacha nyayo, na nyayo zikishaingia katika theluji safi hakuna wa kuzifuta.

Msisitizo wangu ni f/4, si f/2.8. Matoleo mengi ya f/2.8 yaliyoko madukani, hasa ya kamera zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, ilhali Canon EF 70-200 f/4L IS ya kwanza ina gramu 760, Sony FE 70-200 f/4 G ya kwanza ina gramu 840 na Nikon AF-S 70-200 f/4G ina gramu 850. Picha ya mandhari kwa kawaida hupigwa kwa f/8 au f/11 kamera ikiwa juu ya stendi, kwa hiyo anayenunua f/2.8 kwa kazi hii analipia mwanga ambao hatautumia, na bei yake mara nyingi hukaribia maradufu. Lenzi zote tatu nilizozitaja zina sifa nyingine ninayoithamini sana kwenye baridi: hazirefuki zinapovutwa, kwa kuwa vioo husogea ndani kwa ndani. Lenzi inayorefuka hunyonya hewa yenye chembe za theluji kila inapovutwa, na bomba lake likilowa kisha likaganda, pete ya kuvutia huwa ngumu kuzungusha ukiwa umevaa glavu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. La kwanza ni pete ya kufungia lenzi kwenye stendi, ambayo kwa baadhi ya lenzi za f/4 huuzwa peke yake. Bila hiyo, uzito wote huning'inia mbele ya kamera, na upepo kidogo tu hutosha kuitikisa. La pili ni raba ya kuziba inayozunguka mdomo wa lenzi pale inapoungana na kamera. Ikikosekana, theluji inayoyeyuka juu ya kamera itapata njia ya kuingia ndani. Hata lenzi bora, hata hivyo, haitashinda hewa inayocheza. Ukipiga juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa, au kupitia dirisha la gari lenye joto, kilele cha mbali kitaonekana kama kimelegea. Shuka, sogea mbali na gari, na uiache lenzi ipoe kwanza.

Nafasi ya pili ni lenzi ya milimita 24 hadi 105, au 24 hadi 120. Mtu asiye na lenzi yoyote akiamua kuanza na hii, nisingebishana naye. Nikon Z 24-120 f/4 S ina gramu 630 na Sony FE 24-105 f/4 G ina gramu 663, na zote mbili hutumia filta (kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi) ya milimita 77, jambo linalopunguza gharama kwa anayebadilisha kamera baadaye. Kwa milimita 105 kilele chetu kinapata karibu milimita 15 za kimo, na ukirudi hadi 24 unaweza kuuchukua mto mzima na kingo zake. Nimeiweka ya pili kwa sababu aina hii hurefuka inapovutwa, na kwa sababu mara nyingi kipande kizuri cha mlima, kwa mfano ukingo mmoja wa theluji unaopeperushwa na upepo, hubaki nje ya uwezo wake.

Ya tatu itawashangaza wanaodharau lenzi za safari. Lenzi moja inayoanzia upana na kufika mbali, kama Tamron 28-200 f/2.8-5.6 ya kamera za Sony yenye gramu 575, haina ukali wa picha wa zile mbili za kwanza kwenye pembe za fremu, lakini inaondoa haja ya kubadilisha lenzi theluji ikiwa inapeperuka. Anayepiga picha kwa ajili ya simu na ukurasa wa kitabu cha kawaida hataona tofauti kubwa akishalifunga tundu la mwanga hadi f/8.

Ndipo tunafika kwa lenzi pana, milimita 14 hadi 30 au 16 hadi 35. Siikatai. Ukifika ukingoni mwa mto mahali panaporuhusiwa, ukaiweka kamera chini karibu na bamba la barafu lenye nyufa, hakuna lenzi nyingine itakayolionyesha bamba hilo na milima kwa pamoja. Lakini inahitaji kitu chenye sura hatua moja au mbili mbele yako, na theluji iliyofunika kila kitu mara nyingi huwa imekificha kitu hicho. Pia haipatani na filta ya polaraiza, ile inayozungushwa ili kukoleza rangi ya anga. Filta hiyo hufanya kazi zaidi katika sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Lenzi ya milimita 16 inaona nyuzi 97 kwa mlalo, kwa hiyo anga hutoka na doa jeusi katikati au upande mmoja, na hakuna programu inayolisawazisha vizuri. Kwa milimita 70, upana ni nyuzi 29 tu na tatizo halionekani. Hata hivyo, alfajiri ukitazama magharibi huku jua likiwa mgongoni, polaraiza haina la kufanya angani kwa lenzi yoyote, iache mfukoni.

Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni ya tano. Ni nyepesi, Canon RF ina gramu 160, ni rahisi, na ni kali ikifungwa kidogo. Ila haivutiki, na pale ambapo huwezi kusogea mbele wala nyuma kwa sababu ya ukingo wa theluji, kutovutika ni kasoro kubwa. Mwishoni naiweka milimita 150 hadi 600. Hiyo ni ya ndege na wanyama.

Mwenye lenzi ya 18 hadi 55 iliyokuja na kamera ya kihisi kidogo asikimbilie kuitupa. Kwa kamera nyingi za namna hiyo, milimita 55 ni sawa na 82 za kihisi kikubwa, na hapo picha za mlima zinaanza kupatikana. Aangalie tu kama mdomo wa mbele huzunguka lenzi inapotafuta ukali, kama ilivyo kwa baadhi ya matoleo ya zamani, maana huiharibu kazi ya polaraiza.

Hakuna lenzi hata moja kati ya hizi itakayozuia theluji kutoka ya kijivu. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani, hivyo ongeza mwangaza hatua moja hadi mbili, kisha hakikisha kwenye histogramu, yaani grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera, kwamba upande wa kulia haujagonga ukuta.

Kwa anayenunua lenzi iliyotumika, f/4 za zamani ndizo zenye thamani zaidi kwa bei yake, lakini iwapo imekaa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam bila kutunzwa, unyevu huwa umeshaanza kazi. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi ukiwa kivulini na utazame kwa mshazari: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui kwenye kingo za kioo. Vumbi kidogo halina neno. Kuvu, au mafuta juu ya vibapa vya tundu la mwanga, ambayo hukaza baridi inapozidi na kuvichelewesha kufunga, ni sababu ya kumrudishia muuzaji lenzi yake hata akipunguza bei.