Mwalimu msaidizi: wa mtoto mmoja au wa darasa zima?

Msaidizi wa mtoto mmoja hukaa ubavuni mwake kutwa. Kwa mtoto mwenye kifafa kikali au anayelishwa kwa mrija, hapo hakuna mjadala: awepo. Shida huanza kwenye somo. Msaidizi hushika penseli, hunong'ona jibu, na mwalimu akiona mtoto “ana mtu wake” hapiti tena kwenye dawati lile. Wenzake nao hawamsogelei. Utafiti wa DISS, uliochunguza kazi ya wasaidizi shuleni Uingereza, 2003 hadi 2008, ulionyesha kuwa waliosaidiwa zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wanaofanana nao waliosaidiwa kidogo.

Msaidizi wa darasa huzunguka. Mwalimu akikaa na watatu waliokwama kwenye kutoa kwa kukopa, yeye huangalia waliobaki. Ila apewe mpango kabla ya kipindi, hata dakika 10 tu: lengo, maneno mapya, nani wa kuangaliwa. Bila hivyo ataishia kugawa madaftari.

Kwa masomo, tunachagua wa darasa. Na asaidie kwa ngazi: asubiri sekunde 10, aulize “unaanza na nini?”, atoe dokezo, ndipo aonyeshe mfano. Kumwandikia, hapana.