Rivyu: chumba cha kufulia cha apatimenti yetu, wiki ya dhoruba ya theluji

Niseme mapema kabisa, kwenye kufua kwenyewe sina ugomvi na mashine zetu. Chumba kiko chini kabisa kwenye basementi, kinatumiwa na jengo zima, na siku za kawaida ningekipa nyota nne bila kuwaza. Ila rivyu hii ni ya wiki ile theluji inamwagika usiku na mchana na hakuna anayetia mguu nje, maana hapo ndo unajua kama aliyekijenga aliifikiria baridi au la.

Foleni kwanza. Watu wote wamefungiwa ndani na wote wamekumbuka mashuka siku moja. Apu ya mashine hizi inakwambia zote zina kazi, ukishuka unakuta kadhaa zilishamaliza kitambo na nguo zimelala humo humo, mwenyewe hajulikani aliko na wewe unaogopa kushika chupi za mtu. Uongozi ungeweka tu vikapu vitupu pale juu, yaani ingekuwa imeisha.

Mashine za kufua nazisifia. Ni za mlango wa mbele na zinakamua hadi mizunguko 1400 kwa dakika, nguo inatoka na maji kama nusu tu ya uzito wake ikiwa kavu, na kwenye dhoruba hiyo ndo kila kitu kwasababu huna pa kuanika. Mtu akiacha kwenye 800 anapanda ngazi na maji kibao. Halafu maji ya bomba kipindi hiki yanaingia ya baridi sana, sabuni ya unga haiyeyuki vizuri inaacha michirizi meupe kwenye nguo nyeusi, kwahiyo tumia ya maji au weka nyuzi 40 mashine ipashe yenyewe.

Sasa draya, yaani mashine za kukaushia nguo, hapa nyota zinaanza kudondoka. Bomba la kutolea hewa ya moto limetokezwa ukutani karibu kabisa na ardhi, tena upande ule ule upepo unakorundika theluji, sijui fundi alikuwa anawaza nini!! Theluji ikiziba, ule unyevu hauna pa kwenda, draya inazunguka weeee unatoa taulo ina joto na mbichi vilevile kama imetoka kwenye mvuke wa sufuria. Na vumbi la nyuzi likijaa kwenye chujio na njia nayo imeziba, joto likipanda huo ni moto unatafutwa. Zetu ni za umeme angalau. Kama za kwenu ni za gesi usichukulie poa hata kidogo, moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, bomba likiziba inarudi ndani na inaua. Nilimwambia mzee anayesimamia jengo, akaja na koleo akafukua bila maneno mengi, draya ikarudi kukausha kama kawaida. Basi hiyo kazi iwe kwenye ratiba, sio mpaka mpangaji aombe.

Kuna lile tangazo la kukataza kufua baridi ikizidi, watu walinung'unika sana, mi namtetea mwenye nyumba. Bomba la maji machafu linapita ukuta wa nje, likiganda, maji ya kufulia yanakwama na yanatokea kwenye sinki la jirani wa chini, na hayo maji si ya kuyatamani. Shida ni kwamba tangazo wamelibandika kwenye mlango wa chumba cha kufulia tu! Unalisoma umeshashusha kapu zima. Meseji jamani, namba zetu wote wanazo.

Kitu kingine kizuri, ukutani kuna karatasi ya maelezo ya umeme ukikatika katikati ya kufua: usivute mlango kwa nguvu, fungua kile kifuniko kidogo chini kwa mbele, tega beseni, toa maji taratibu. Mlango wenyewe unaweza kubaki umejifunga kwa muda, subiri tu. Picha zake zimechorwa kwa mkono lakini zinaeleweka kuliko kile kitabu cha mashine.

Kufua nyota 5, draya 2, mawasiliano 1 na hiyo 1 ni ya ile karatasi. Wakilipandisha lile bomba la draya juu ya usawa wa theluji narudi kubadilisha.