Mboji ya mzee wa Keshero: maoni yangu baada ya misimu miwili

Nyumba yetu hapa Goma imejengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyomwagika Januari 2002. Ukipiga jembe, linalia kwenye jiwe na kurudi mkononi. Miaka yote hii imepita na bado kinachoota juu yake ni magugu ya kwenye nyufa tu. Kwa hiyo anayetaka lengalenga na nyanya karibu na mlango hununua udongo, kama anavyonunua unga. Mimi ni mwalimu wa kemia, na huu udongo tunaouziwa naufuatilia kwa moyo wote.

Mwaka jana niliuziwa mifuko mitatu ya udongo mweusi sana kando ya barabara. Sitasema wapi. Mvua mbili tu, weusi wote ukateremka na maji, kikabaki kitu cha kijivu kama simenti iliyolala. Ilikuwa vumbi la makala, yaani mkaa, lililochanganywa na changarawe. Watoto walikuwa wameshapanda vitunguu humo, na havikufika popote.

Ndiyo maana nilipofika kwa huyu mzee anayeuza mboji mtaa wa Keshero sikutoa hela haraka. Aliniambia, “Mwalimu, usiniamini mimi. Kamata mkononi.” Nikakamata. Ilishikana kama ugali laini, nikaigusa kwa kidole ikamegeka vipande vidogovidogo. Ilinukia ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu ile hutengenezwa na bakteria wa udongo, kwa hiyo palikuwa na kazi iliyofanyika mle ndani. Mfuko ni dola 4, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya kunifikishia nyumbani niliilipa mwenyewe.

Nyumbani nilifanya jaribio ambalo yeyote mwenye jiko la makala anaweza kulifanya. Loweka majivu kwenye maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha mimina maji hayo juu ya kijiko cha udongo ndani ya glasi. Maji ya majivu yana potasiamu kaboneti na ni makali kama sabuni, yasikuguse macho. Glasi ya mboji ya mzee iligeuka rangi ya chai kavu iliyokolea. Glasi ya pili, yenye masalio ya mifuko ya mwaka jana, ilibaki karibu nyeupe, na vumbi jeusi likalala chini. Makala hayayeyuki kwenye maji ya majivu, lakini sehemu ya mboji huyeyuka. Nilipokamulia ndimu nyingi kwenye ile chai, ilitoa povu, na asubuhi chini ya glasi kulikuwa na utando wa kahawia.

Njia hii ni ya zamani. Franz Karl Achard, mkemia wa Berlin, aliloweka mboji ya kinamasi kwenye maji ya namna hiyo mwaka 1786 akapata kimiminika cheusi, na kwa zaidi ya karne mbili watu waliamini kwamba kile kimiminika ndicho mboji yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa udongo Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika kwamba yale maji makali yanatupotosha: ndani ya udongo hakuna molekuli moja kubwa nyeusi, kuna mabaki ya kila aina, mengine makubwa, mengine yameshakatwa vipande vidogo sana, na yanadumu kwa sababu yameshikamana na madini. Mimi nakubaliana nao. Glasi yangu ilinionyesha kwamba kuna vitu vilivyooza. Haikunionyesha vimekaaje.

Na huko kushikamana ndiko faida yetu sisi wa chini ya volkano. Majivu ya volkano yakichakaa kwa miaka mingi hutoa alumini na udongo mlaini sana, vikaikumbatia mboji hata vijidudu vikashindwa kuimaliza, na udongo ukabaki mweusi. Ndiyo maana udongo wa namna hii huitwa andosoli, kutoka Kijapani, “an” ni giza na “do” ni udongo. Mboji nayo hulipa: ncha zake zenye kaboni na oksijeni huachia hidrojeni, zikabaki na chaji hasi, na hapo kalisi, magnesi na potasiamu hunasa badala ya kusombwa na mvua. Kwenye kitanda changu cha nyanya niliona tofauti kwa macho. Siku tatu bila kumwagilia na bado mchana majani hayakulegea.

Sasa kasoro. Mzigo wa pili, wa mwezi wa tisa, haukuwa umeiva. Nilipoingiza mkono katikati ya mfuko ulikuwa na joto, na maranda ya seremala yalionekana bado na rangi ya ubao. Maranda yana kaboni nyingi mno na nitrojeni kidogo; mboji iliyoiva ina kama kaboni 10 hadi 12 kwa kila nitrojeni 1. Vijidudu vinapokosa nitrojeni huichukua kwenye udongo, mmea unabaki bila. Lengalenga yangu yote ikawa ya njano ndani ya wiki mbili. Nilimrudishia mzee mifuko miwili, akaipokea bila ubishi, akanipa mingine ya lundo la zamani. Hilo lilinigusa.

Jambo lingine halimhusu yeye. Ileile alumini inayoshika mboji hushika pia fosforasi, na kwa nyanya nililiona: majani upande wa chini yaligeuka zambarau. Mboji inasaidia kidogo kwa kugombania nafasi zilezile, lakini haitoshi. Sasa nachoma mifupa ya ng’ombe, naitwanga, nachanganya konzi moja kwenye kila shimo la mche.

Nitaendelea kununua kwake. Ukienda, mwombe akufungulie mfuko hapohapo, ingiza mkono mpaka kiwiko, na kama katikati kuna joto mwambie akupe wa lundo lililo nyuma, kando ya ukuta wa mawe.